Shilingi elfu mbili haziwezi kumwogesha ndugu yangu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi wa cherehani hapa mtaa wa Umoja, Nairobi. Nashona sare za shule, napunguza suruali, nabadilisha zipu, na nyuma ya duka langu kuna chumba ninachoishi na ndugu yangu, kitindamimba wetu, ambaye sasa ana miaka 31. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Mikono na miguu yake hukakamaa, na maneno yake ni machache, huyaelewa aliyemzoea. Akili yake ni timamu. Akikubali jambo huinua macho juu, akikataa huyafumba. Mama alimtunza miaka 24. Tulipomzika mama, kazi ikawa yangu.

Tulizaliwa watatu. Wa katikati, dada yetu, yuko Minnesota, Marekani, tangu 2014. Wasomaji wako wengi wana mtu huko na wanaijua kazi anayofanya kabla sijaitaja: anatunza watu. Kila asubuhi huenda nyumbani kwa kijana mmoja mwenye hali kama ya ndugu yetu. Anaingia saa moja, anambadilisha, anamwogesha, anamlisha, anamnyoosha viungo, kisha anamsukuma hadi maktaba au dukani, na kazi yake inaisha saa tisa. Anayemlipa ni serikali, kupitia mpango uitwao Medicaid, ambao serikali kuu ya Marekani na serikali za majimbo huugharamia kwa pamoja. Familia ya yule kijana haitoi mshahara wake mfukoni.

Kwa hiyo tumbo moja lilizaa mtoto mwenye ulemavu, likazaa na mtu aliyefunzwa kumtunza, na hao wawili wametenganishwa na bahari. Aliyebaki naye ni mimi, ambaye sijafunzwa kitu kingine ila kushona.

Nieleze habari ya kuoga, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Mlango wa bafu letu nimeupima kwa tepu yangu ya kazini: inchi 24. Kiti chake cha magurudumu kina upana wa inchi 26. Inchi mbili hizo ndizo zinazofanya ndugu yangu asiingie bafuni kwake mwenyewe. Namwogesha chumbani, juu ya turubai, kwa beseni mbili za maji, moja ya sabuni na moja ya kusuuza. Na tangu siku ya kwanza nilipomwogesha mimi badala ya mama, alikuwa anafumba macho. Anayafumba nikimmwagia kopo la kwanza, na hayafumbui hadi nimemvika shati. Nilidhani ni sabuni inamchoma. Nikanunua ya watoto. Akafumba vilevile. Nikadhani ni baridi, nikawa naongeza maji moto.

Mwaka jana alihamia plotini kwetu kijana anayefanya kazi ya mjengo. Aliniona siku moja nikihangaika na turubai, akasema, "Mama, Jumapili niko nyumbani, niachie huyu bro nimwogeshe." Nikakubali kwa wasiwasi, nikasimama nje ya mlango na taulo. Nilichosikia ni kicheko. Kijana alikuwa akimsimulia ile mechi ya mashindano ya mpira ya CHAN ya Agosti 2025 pale uwanja wa Kasarani, timu yetu ya taifa, Harambee Stars, walipoifunga Morocco 1-0 wakiwa wamebaki wachezaji kumi uwanjani. Ndugu yangu aliisikiliza redioni mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kila kijana alipokosea kitu, alikuwa anapiga kelele ya kumsahihisha. Nilipochungulia kupeana taulo, macho yake yalikuwa wazi.

Nilirudi dukani nikaketi mbele ya cherehani bila kushona. Miaka saba alikuwa akiniambia jambo na mimi natafuta sabuni. Ni mwanaume mzima. Kwetu mwanaume hafuliwi nguo za ndani na dada yake, sembuse kuvuliwa na kusuguliwa naye. Alikuwa anakataa kwa njia moja aliyo nayo, na hakuwa na mtu mwingine wa kumchagua.

Yule kijana nilimlipa shilingi 200 kila Jumapili, na hata hizo nilimlazimisha kupokea. Alikaa nasi miezi minne kisha akapata mjengo Ruiru, akahama. Sasa ndugu yangu amerudi kufumba macho.

Mhariri, katika nchi hii upo msaada wa serikali kwa watu kama yeye, nami siudharau. Chini ya mpango wa Inua Jamii, nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkali hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mpango huo wa ulemavu ulianza 2011. Kwangu, pakiti mbili za nepi za watu wazima zinazimaliza pesa hizo, na pakiti mbili hazifiki wiki mbili hata nikizibana. Lakini leo sitaki kubishana juu ya kiwango. Hata zikiongezwa mara mbili, nitanunua nepi zaidi, na mikono ya kuzibadilisha itabaki ileile yangu. Tunachokosa nyumbani hakiuzwi dukani. Tunakosa mtu aliyefunzwa, anayeaminika, anayekuja saa anayosema atakuja, na ambaye ndugu yangu amemkubali.

Disemba ya mwaka 2023 mgongo wangu ulishika. Nilikuwa namtoa kitandani kwenda kwenye kiti, yeye ana kilo 48, nikasikia kitu kiunoni kama uzi unakatika. Nililala sakafuni siku mbili. Jirani alituletea uji, akamnywesha, Mungu ambariki, lakini kumgeuza hakuweza, aliogopa kumvunja. Siku hizo mbili ndugu yangu alilala palepale, kwenye shuka lililolowa, na alipoinuliwa kulikuwa na kidonda cha kulalia juu ya nyonga. Kilichukua miezi mitano kupona.

Dada yetu aliposikia alilia kwenye simu, kisha akaanza kunifundisha. Yeye hutoka kazini saa tisa alasiri, na wakati wa kiangazi chao hiyo ni saa tano ya usiku hapa Nairobi. Nimejifunza kazi hii usiku, simu imeegemezwa kwenye debe la unga. Kunja shuka mara mbili. Mgeuze kwanza aelekee kwako, liingize shuka chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani, kisha mgeuze upande wa pili ulivute. Usimnyanyue, mteleze. Kunja magoti, usikunje kiuno. Mwambie unachotaka kufanya kabla hujamgusa, hesabu naye moja, mbili, tatu, ili misuli yake isishtuke ikakaza. Mgeuze kila baada ya saa mbili. Mambo haya alifunzwa kabla hajaruhusiwa kumgusa yule kijana wa Minnesota. Mimi nilifanya kazi hiyohiyo miaka kadhaa bila kuambiwa hata kimoja, na nadhani humu Nairobi tuko wengi sana tunaonyanyua watu wetu kwa kukisia.

Huduma hizo za Marekani hazikuanguka kutoka mbinguni. Medicaid ilikuwa inalipia mtu akiwa hospitalini, na akienda nyumbani familia inajitegemea. Mwaka 1981 kulikuwa na mtoto wa miaka mitatu aitwaye Katie Beckett katika jimbo la Iowa, ambalo limepakana na Minnesota. Maradhi ya ubongo yalimpata angali mchanga, akawa anahitaji mashine ya kumsaidia kupumua, na aliishi hospitalini kwa sababu tu akirudishwa nyumbani malipo yangekatwa. Rais Ronald Reagan alilitaja jambo lake hadharani mwezi wa Novemba mwaka huo. Aliuliza ni sheria gani hiyo inayolipa dola 6,000 kwa mwezi kumweka mtu hospitalini, ilhali familia yake haina uwezo wa kupata sehemu ya sita ya pesa hizo kumtunza nyumbani. Katie alirudi kwao. Mwaka huohuo wa 1981 sheria ilibadilishwa, majimbo yakaruhusiwa kutumia pesa za Medicaid kwa huduma za nyumbani na za kijamii. Katie Beckett aliishi hadi 2012, akafa akiwa na miaka 34.

Nimelifikiria sana jambo hilo nikiwa kwenye cherehani. Wao walipiga hesabu wakaona nyumbani ni rahisi kuliko hospitalini. Sisi hatuwezi kuipiga hesabu hiyo, kwa sababu serikali yetu haimlipii ndugu yangu kitanda popote. Gharama yake haionekani katika kitabu chochote. Iko kwangu. Iko kwenye sare za Januari, msimu ambao fundi anapata pesa ya miezi mitatu, ninapowaambia wazazi waende kwa fundi mwingine kwa sababu siwezi kuketi saa mbili mfululizo. Iko kwenye mgongo wangu. Iko kwa wasichana wanaoacha shule kumwangalia mdogo wao ili mama aende kibarua, na hapa mtaani nawajua wawili. Anayesema huduma ya nyumbani ni ghali, tayari inalipwa, ila inalipwa na sisi.

Dada yangu hanidanganyi kwamba kule ni peponi. Katika majimbo mengi watu hukaa kwenye foleni miaka mingi wakisubiri huduma hizo. Na kuna wizi pia. Mwaka 2025 huko Minnesota kwenyewe watu walishtakiwa kwa kudai pesa za Medicaid kwa huduma ambazo hazikutolewa. Nalitaja hili kwa sababu najua wasomaji watasema papo hapo kwamba zikija kwetu zitaliwa. Huenda. Lakini dada yangu anapofika kwa yule kijana anabonyeza simu, na simu inaandika saa na mahali alipo. Akiondoka anabonyeza tena. Nchi hii ambayo mama mboga analipwa kwa simu kwa nyanya za shilingi ishirini haiwezi kuniambia kwamba haijui jinsi ya kuthibitisha mtu alifika nyumba fulani Umoja saa mbili asubuhi. Na ndugu yangu mwenyewe anaweza kuulizwa kama msaidizi alikuja. Atainua macho au atayafumba.

Sheria tunayo. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na utu, na ana haki ya kupata vifaa vya kumwezesha. Vifaa vimetajwa. Mikono haikutajwa hapo, lakini imetajwa kwingine. Kenya iliidhinisha mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Ibara ya 19 ya mkataba huo inataja waziwazi huduma za nyumbani na za kijamii, pamoja na msaidizi binafsi, ili mtu aishi miongoni mwa watu asitengwe. Na Ibara ya 2(6) ya Katiba yetu inasema mkataba ulioidhinishwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Mei 2025 Rais alitia sahihi Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Furaha ilikuwa kubwa, nami nilifurahi. Tangu hapo sijaona mtu mlangoni.

Niliyemwona mlangoni, kwa haki kabisa nimtaje, ni mama mhudumu wa afya ya jamii. Ni mmoja wa wale 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023 na kupewa mikoba ya kazi. Anakuja, ananipima presha, anampima ndugu yangu sukari, anaandika kwenye simu. Ana nyumba nyingi za kuzungukia, na posho yao ilipangwa kuwa 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu na nusu kaunti. Siwezi kumwomba mama wa watu anisaidie kunyanyua kilo 48 kwa posho hiyo. Lakini yeye anatuonyesha kwamba njia ya kufika nyumbani kwetu inajulikana. Ameshaandika nani yuko wapi. Kinachokosekana ni mtu wa pili anayemfuata nyuma, mwenye kazi nyingine.

Nimepiga hesabu ya kifundi, yaani ya kitambaa nilicho nacho. Nairobi ina wadi 85. Tuseme kila wadi ipewe wasaidizi kumi waliofunzwa, wanaume na wanawake, wa kuajiriwa na kulipwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Hao ni watu 850, na mshahara wao ni milioni 17 kwa mwezi, milioni 204 kwa mwaka. Bajeti ya kaunti hii inapita bilioni 40. Msaidizi mmoja akiingia nyumba tatu kwa siku, siku sita kwa wiki, kila nyumba mara tatu kwa wiki, anahudumia nyumba sita, na wote pamoja nyumba 5,100. Sisemi hesabu yangu ndiyo ya mwisho. Wenye kalamu waikosoe. Mafunzo yatahitaji pesa, usimamizi pia. Lakini vijana wa kufunzwa wapo, na vyuo vya kiufundi vipo. Kuna wengine wanasomea kutunza watu kila siku humu Nairobi, wanalipa karo kwa tabu, na wakimaliza wanatafuta viza.

Naomba mambo mawili yasisahaulike wakati wa kupanga. La kwanza, mtu mwenye ulemavu amchague msaidizi wake, au angalau awe na uwezo wa kumkataa. Asiletewe tu kama anavyoletewa gunia la unga. La pili, jamaa anayefanya kazi hii kutwa kucha asihesabiwe kuwa hafanyi kazi. Minnesota hata jamaa wa mtu mwenye ulemavu anaweza kusajiliwa akalipwa kwa saa za kumhudumia. Wapo akina mama hapa Kayole na Dandora ambao hawatataka mgeni aguse watoto wao, na ni haki yao; hao wafunzwe, walipwe.

Na tafadhali, wasituite ofisini. Wakati fulani ofisi moja ilitaka imwone ndugu yangu kwa macho ili karatasi zake ziendelee. Ofisi iko ghorofa ya kwanza, haina lifti wala njia ya mteremko. Matatu mbili zilitupita; ya tatu makanga akataka nauli ya kiti kama mzigo, nikatoa. Tulipofika, askari wa lango na wanaume watatu waliokuwa kwenye foleni walimbeba na kiti chake ngazi zote, mmoja wao akiwa amevaa suti. Afisa alimtazama kwa muda wa nusu dakika, akapiga muhuri, akasema tunaweza kwenda. Ndugu yangu alifumba macho kuanzia ngazi ya kwanza hadi tulipofika nyumbani. Anayetaka kujua kama mtu fulani ana ulemavu mkali aje amtazame nyumbani kwake, nami nitamchemshia chai.

Jina na nambari yangu unavyo, Mhariri. Naomba usivichapishe, kwa heshima ya ndugu yangu.

Barua hii nimemsomea jana usiku kabla ya kuituma. Nilipofika kwenye habari ya kuoga nilisimama, nikamwuliza kama niifute. Alinitazama kidogo, kisha akainua macho juu, niiache. Nilipomaliza kusoma yote, alitaka kusema kitu, na ilimchukua muda kwa sababu alikuwa amechoka. Neno lenyewe lilikuwa "Kasarani". Nilikuwa nimeandika juu ya kuoga, nepi, mgongo na vidonda, na sikuwa nimeandika kwamba kijana wa Minnesota hupelekwa pia kutazama mechi, na kwamba ndugu yangu amesikiliza mpira redioni tangu akiwa mtoto na hajawahi kuingia uwanjani hata mara moja. Kwa hiyo naongeza kama alivyotaka: huyo msaidizi, siku ya mechi, ampeleke.

Fundi wa cherehani,
Umoja, Nairobi